Nani Yumo Sasa Hivi? Mtandao, Umeme na Orodha ya Majina
Mhadhara kwa wanafunzi wa informatiki na wasimamizi wa mitandao, Bunia



Swali la leo huulizwa hivi. Mkubwa wa kazi anaingia kwa msimamizi wa mtandao na kusema: "Nionyeshe waliomo sasa hivi." Msimamizi anamgeuzia skrini. Kuna majina, namba za mashine, saa za kuingia. Mkubwa anahesabu kwa macho, anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Orodha ameiona, jibu la swali lake sina hakika kama amelipata. Skrini ile ilimwonyesha nani alipiga hodi akafunguliwa na hajasikika akiaga. Penye umeme wa kudumu, mtu wa namna hiyo huwa ndani kweli, na msimamizi anaweza kuishi miaka mingi bila kufikiri zaidi. Sisi wa Bunia hatuna raha hiyo.

Nianze kabla ya kompyuta. Mtandao ambao watu wa Ituri walihitaji kujua kila siku nani yumo haukuwa na skrini. Ulikuwa foni. Mwishoni mwa enzi ya Zaire, posta ilipolala na simu za waya zikanyamaza, misioni, dayosisi, zoni za afya na wafanyabiashara waliishi kwa redio za mawimbi mafupi. Kwa saa iliyopangwa kituo kimoja kiliongoza: kiliita kituo cha kwanza kwa jina lake la hewani, kikasubiri, kikaita cha pili, kikasubiri. Aliyejibu aliandikwa. Asiyejibu aliitwa tena mwisho wa duru, na akinyamaza tena, basi siku hiyo alikuwa kimya. Baadaye, MONUC, yaani misheni ya Umoja wa Mataifa, na mashirika ya misaada yalipojaa mjini kuanzia 2003, wafanyakazi wao walikaguliwa kwa redio za mkononi kwa mtindo huohuo: jina lako linaitwa, unajibu, linaitwa la mwenzako.

Njia hiyo ni ya polepole. Vituo vikiwa thelathini, na kila kimoja kikila nusu dakika, robo saa imekwisha kabla mtu hajatoa habari ya maana. Tena unapofika cha thelathini, unachokijua juu ya cha kwanza ni cha robo saa iliyopita. Lakini foni ilikuwa na uaminifu ambao programu zetu nyingi hazina. Haikumhesabu mtu kuwa yupo kwa sababu jana alikuwepo. Na ukimya uliachwa kuwa ukimya: labda betri imekwisha, labda antena imeanguka, labda watu wamekimbia. Baada ya Nyankunde, yenye hospitali kubwa ya misioni umbali mfupi kutoka hapa, kuvamiwa tarehe 5 Septemba 2002, hakuna mtu wa foni aliyeweza kuiona labda hiyo ya tatu kuwa jambo la mbali.

Watu wa kompyuta walianzia upande mwingine. Badala ya kuita, waliweka daftari mlangoni. Kompyuta za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa chache na kubwa, watu wengi wakitumia mashine moja kupitia vituo vyenye kibodi. Katika maabara ya akili bandia ya chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kulikuwa na programu ya kuorodhesha waliomo, lakini orodha yake ilikuwa vifupisho vya majina na namba za waya. Les Earnest, mmoja wa wakubwa wa maabara ile, aliwaona wenzake wakishusha kidole juu ya orodha, wakisema huyu namjua, huyu ni nani, na fulani alionekana lini mara ya mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatengeneza programu aliyoiita Finger. Ilitoa jina kamili la mtu, mahali alipo, na muda uliopita tangu agonge kibodi mara ya mwisho. Iliruhusu pia mtu kuacha ujumbe wa kueleza aendako. Hapo nawaomba mtulie kidogo. Aliyetengeneza chombo mashuhuri cha kuonyesha nani yumo alijua tangu siku za kwanza kwamba jina tupu halisaidii. Kila jina lilibeba umri wa ukimya wake. Tumeacha kuuonyesha umri huo, na matatizo yetu mengi yametokea hapo.

Finger ilipewa kanuni za kuvuka mitandao mwaka 1977, na kwa miaka kumi mtu wa upande mmoja wa Marekani aliweza kuuliza nani yumo kwenye mashine ya upande wa pili bila kuombwa kitambulisho. Kisha tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Cornell, Robert Tappan Morris, akaachia programu yenye kujizalisha iliyoangusha sehemu kubwa ya intaneti ya wakati ule. Mojawapo ya milango aliyoipitia ilikuwa huduma ya Finger yenyewe: aliipa swali refu kupita nafasi iliyotengwa, mashine ikameza maneno yake kama amri. Wasimamizi wengi waliizima huduma hiyo tangu hapo. Walichoka pia kuwapa wageni orodha ya majina ya kubahatisha neno la siri, na kwa hilo siwalaumu.

Kwenye mashine za Unix na Linux daftari la mlangoni bado lipo. Amri ya who husoma faili ya vikao vilivyo wazi. Amri ya w huongeza muda wa ukimya na kazi inayofanywa. Amri ya last husoma historia. Tazameni jambo moja zuri katika hiyo ya mwisho. Mashine ikizimika kwa kukatikiwa umeme, hakuna mstari wa kuaga unaoandikwa. Last inapokuta kikao kilichofunguliwa, kisha mashine ikawaka upya bila kikao kufungwa, haibuni saa ya kutoka. Inaandika kwamba kikao kilikatwa na kuanguka kwa mashine. Ni adabu ndogo, lakini ni adabu.

Windows nitaipita haraka. Query user hukuonyesha waliomo kwenye seva hiyo moja tu. Kumbukumbu za usalama hutia tukio namba 4624 mtu anapoingia na 4634 kikao kinapokwisha. Wengi hudhani seva kuu ya Active Directory inajua nani yumo katika ofisi nzima, haijui. Inajua nani iliwahi kumthibitisha. Hata ile sehemu inayoitwa lastLogonTimestamp, ambayo wengine huitumia kuwahukumu watu kwa utoro, kwa kawaida yake inaweza kuchelewa hadi siku 14. Nimeona ripoti za utoro zilizoandikwa kutokana nayo. Msiziandike.

Sasa tuje nyumbani. Mtandao wa kawaida wa mji wetu, iwe chuo, hoteli au kibanda, ni kisanduku cha MikroTik kutoka Latvia au ndugu yake, waifai iliyo wazi, ukurasa unaodai jina na neno la siri au namba ya tiketi, na nyuma yake seva ya RADIUS inayoamua nani aingie na kwa muda gani. Ruta hutuma taarifa za aina tatu. Ya kwanza husema: fulani ameanza. Ya kati husema: fulani bado yumo, ametumia mega kadhaa. Ya mwisho husema: fulani ametoka. Seva huandika mstari mmoja kwa kila kikao, wenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukiuliza nani yumo, seva haigusi ruta wala simu ya mtu yeyote. Inatafuta mistari ambayo saa ya kutoka iko tupu. Basi. "Yumo" maana yake ni nafasi isiyojazwa kwenye jedwali.

Na nafasi hiyo hukosa kujazwa kwa sababu nyingi, lakini kwetu sababu kubwa ni moja. Umeme wa maji wa Bunia hutoka Budana, kwenye mto Shari, bwawa lililojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, wala si kwa mji wa ukubwa huu. Tunaishi kwa sola, kwa betri, kwa grupu lenye mafuta ya kuhesabu. Saa 15:00 ruta inazimika. Haizimiki kwa utaratibu, inakufa tu, na maiti haiagi. Seva, ambayo ina betri yake au imekodiwa katika nchi nyingine, haina habari; inaendelea kungoja taarifa ya mwisho ambayo haitakuja. Ikiwa watu ishirini walikuwa ndani, mistari ishirini inabaki wazi. Umeme unarudi saa 17:00, watu wanaingia tena, mistari ishirini mingine inafunguliwa. Orodha sasa ina arobaini. Nusu yake ni mizimu.

Mizimu hii haikai tu kwenye karatasi, ina madhara. Msimamizi makini ameweka sheria kwamba tiketi moja itumiwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anarudi baada ya kiza, anaandika namba ya tiketi yake halali, anajibiwa kwamba mwenye tiketi hiyo yumo tayari. Amefungiwa nje na yeye mwenyewe. Anakwenda kwa msimamizi, msimamizi anatazama skrini na kumwambia, "Umempa rafiki yako." Ugomvi unaanzia hapo. Na kama tiketi ni ya saa moja, mzimu unaweza kuendelea kuila saa ile gizani, na fedha ya mtu ikaenda.

Dawa zipo, na nyingi ziliandikwa katika kanuni zilezile za RADIUS ambazo tunazitumia bila kuzisoma. Ruta inapowaka inaweza kutuma taarifa kwamba imeamka upya, na seva inayosikia inapaswa kuelewa kuwa vikao vyote vya kabla ya hapo vimekufa. Hakikisheni ruta zenu zinaituma na seva zenu zinaisikia. Mara nyingi ruta huamka haraka kuliko kiungo cha setilaiti, taarifa ikatoka wakati njia haijafunguka, ikapotea. Ndiyo maana taarifa ya kati ni muhimu zaidi. Ukiamuru ruta itume kila baada ya dakika 10, kila mstari ulio wazi unakuwa na saa ya kusikika kwa mwisho. Kanuni zinakataza kushuka chini ya sekunde 60 na zinashauri kutoshuka chini ya 600, ili njia isijae salamu. Kwa sisi tunaonunua kila mega kwenye setilaiti, ushauri huo ni wa busara.

Kisha wekeni kolamu ya tatu kwenye orodha. Aliyesikika ndani ya dakika 10, yumo. Aliyefunga kwa taarifa, ametoka. Asiyesikika kwa vipindi vitatu, aandikwe hivyohivyo: hajasikika tangu saa fulani. Aruhusiwe kuingia upya na muda wake usimame pale aliposikika mara ya mwisho. Kuna wasimamizi wanaofuta mistari yote iliyo wazi usiku wa manane na kuijaza saa 00:00 kama saa ya kutoka. Ninalipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Asubuhi daftari linapendeza, lakini limeandikwa kwamba watu ishirini walikaa kwenye mtandao saa tisa zaidi ya kweli, na siku ikija kesi ya wizi wa akaunti, saa hiyo ya uongo itakuwa ushahidi.

Saa nazo zina mkasa wake. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika, nyingine huamka zikidhani ni Januari 1970, hadi zipate seva ya wakati kwenye intaneti. Kiungo kikichelewa, unaona mtu aliyeingia miaka mingi kabla ya baba yake kuoa. Hilo linachekesha kwa sababu linaonekana. Lisilochekesha ni kosa la saa moja. Bunia iko saa mbili mbele ya saa ya Greenwich, Kinshasa iko saa moja mbele, na ukivuka Mahagi kuingia Uganda ni saa tatu. Ofisi yenye ruta hapa, makao makuu Kinshasa na seva iliyopangwa na fundi wa Kampala inaweza kuwa na madaftari matatu ya tukio moja, na mtu akashtakiwa kuwa ndani wakati alikuwa njiani kwenda nyumbani. Andikeni kumbukumbu zote kwa saa ya Greenwich. Badilisheni wakati wa kusoma tu.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba mstari mmoja ni mtu mmoja. Mnajua sivyo. Kuna ofisi mjini ambamo idara nzima hutumia jina moja, na neno la siri limebandikwa ukutani karibu na kalenda ya parokia. Kuna mwanafunzi mmoja anayelipa tiketi, kisha anawagawia wenzake wanne kwa simu yake. Ruta inaona simu moja. Mjanja anaweza kutambua: kila pakiti hutoka na namba ya kuhesabu hatua, mara nyingi 64 kwenye Android na 128 kwenye Windows, na kila kifaa inachokipita hupunguza moja. Pakiti ikifika na 63 au 127, nyuma ya simu ile kuna mashine nyingine. Lakini inakwambia kuna kitu, haikuambii ni nani. Kwa upande wa pili, tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu hujificha kwa anwani ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hiyo msimamizi anayehesabu watu kwa anwani za vifaa anaweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Mimi nauona ulinzi huo kuwa mzuri, hata kama unanipa kazi.

Kampuni za simu zina tatizo hilihili kwa ukubwa wa nchi. Ukizima simu yako kwa kitufe, huaga: mtandao unaandika kwamba hupo, na anayekupigia hujibiwa mara moja kuwa hupatikani. Betri ikifa ghafla au ukiingia bondeni pasipo na mnara, mtandao bado unaamini upo. Unakutafuta kwanza, ndiyo maana mpigaji husikia ukimya mrefu kabla ya sauti ile ya mama kusema hupatikani. Simu hutakiwa kujitambulisha tena kila baada ya muda uliowekwa na kampuni. Muda ukipita bila salamu, unafutwa kwenye orodha ya waliomo. Ni ileile taarifa ya kati.

Tena, kuwa ndani ya mtandao wa jengo si kuwa kwenye intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali iliamuru intaneti ikatwe nchi nzima, na ikarudi baada ya karibu majuma matatu. Wakati wa kukatwa namna hiyo, ruta ya ofisi haina habari. Inaendelea kugawa anwani, simu zinaonyesha alama ya waifai, orodha ya waliomo inajaa. Orodha ya ruta ilijibu swali lake vizuri: vifaa hivi vimeungana nami. Haikuulizwa kama kuna njia ya kutoka.

Nimechelewesha kusudi suala la nani aione orodha. Katika miji mingine hili ni suala la adabu ya kazi. Kwetu ni zaidi. Kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita, katika mkoa huu jina la mtu, na kabila ambalo wengine walilisoma ndani ya jina lile, liliweza kuamua kama atapita kizuizi au hatapita. Wengi waliomo ukumbini walizaliwa baadaye, lakini wazazi wenu hawajasahau. Orodha yenye jina kamili, mahali mtu aliko na saa aliyokuwepo si karatasi ya kubandika mlangoni. Tangu 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na anayeuliza anaweza kuwa amevaa sare. Msimamizi kijana hapaswi kubeba swali hilo peke yake. Lijibiwe na mkubwa wa taasisi, kwa maandishi, kwa kutaja sheria. Sheria zipo: kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya barua na ya mawasiliano ya simu, na amri-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, inayounda Kanuni ya Kidijitali, ina sehemu ya ulinzi wa habari binafsi.

Kabla ya kufika huko, muulizeni anayeuliza anataka nini. Anayetaka kujua kama kiungo kinatosha anahitaji hesabu, wala si majina. Anayedai fedha za tiketi anahitaji muda na namba za tiketi. Anayechunguza akaunti iliyoibwa anahitaji vikao vya akaunti hiyo moja. Na anayetaka kujua kama wafanyakazi wanafanya kazi, mtandao hauna cha kumwambia. Aende chumbani mwao.

Kuhusu muda wa kuhifadhi, pendekezo langu ni miezi mitatu kwa mistari yenye majina, kwa kuwa malalamiko ya tiketi hayachelewi kuliko hapo. Baada ya hapo majina yafutwe, jumla za kila siku zibaki. Mtaniuliza kwa nini si mwaka. Kinachobaki kwenye seva kwa mwaka huonwa na kila fundi atakayeitwa kuitengeneza, na mafundi wetu hubadilika kuliko misimu.

Nipo kwa maswali. Amri zote nilizotaja nimezifungua kwenye mashine hii hapa mbele. Betri yake ina saa moja na nusu.